Kwa nini wapenzi wa michezo huhama makundi ya mazungumzo mtandaoni, na wengine hubaki?

Kete_za_Arua:
Habari za jioni, ndugu zangu. Mimi ni msimamizi wa kundi la WhatsApp la wapenzi wa omweso (bao la Kiganda) na sataranji hapa Arua, Uganda. Tulianza mwaka 2019 tukiwa watu kumi na mmoja, kila mmoja akimjua mwenzake kwa sura, na leo orodha ina majina zaidi ya mia moja na hamsini. Hata hivyo wanaoandika hawafiki ishirini, na haupiti mwezi bila wawili watatu kujitoa pasipo kuaga. Hatuchezei pesa, siasa hatuigusi, na matusi niliyapiga marufuku tangu siku ya kwanza, kwa hiyo siwezi kusema kwamba wanakimbia ugomvi. Wengi wananiambia sababu ni bando, lakini nasita kulikubali jibu hilo kwa kuwa watu hao hao nawaona wakitazama mpira kwenye simu hadi usiku wa manane. Naomba wenye uzoefu mnieleze: ni kitu gani hasa humfanya mpenda mchezo adumu kundini miaka mitano, na ni kipi humwondoa katika wiki mbili?

Bao_la_Bombo:
Ndugu msimamizi, jibu la bando usilitupe upesi. Anayetazama mpira amenunua bando kwa ajili ya mpira. Haifuati kwamba yuko tayari kulipia picha arobaini za "asubuhi njema" na ujumbe wa sauti wa dakika sita ambao ungeweza kuandikwa kwa mstari mmoja. Kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa mitandao ya kijamii ilipoanza Julai 2018, kundi letu lilipungua karibu nusu, na hata kodi hiyo ilipoondolewa Julai 2021, mahali pake pakaingia asilimia 12 juu ya bando lenyewe, kwa hiyo mzigo ulibadilisha sura tu.

Sisi tulichofanya ni kuacha kutumiana picha za ubao. Ubao wa omweso una mashimo 32 na kete 64, na kila mchezaji ana mashimo yake 16. Basi mtu huandika namba 16 za upande wake na 16 za mwenzake, na hali yote ya mchezo imeingia katika ujumbe mfupi ambao hata simu dhaifu inaupokea. Tangu hapo walimu wawili wa vijijini, ambao mtandao wao ni wa kubahatisha, wamerudi na sasa wanachambua michezo kuliko sisi wa mjini.

Nakiri pia kwamba intaneti ilipozimwa nchini Januari 2021 wakati wa uchaguzi, nilijifunza jambo ambalo bando halilielezi. Iliporudi, waliokuwa wa kwanza kuandika ni wale waliowahi kukaa ubao mmoja ana kwa ana. Wengine hatukuwasikia tena, ingawa majina yao yapo mpaka leo.

Ngome_Mbarara:
Kaka msimamizi, mimi ni mmoja wa hao wanaojitoa bila kuaga, ingawa si katika kundi lako. Niliingia katika kundi moja la sataranji nikiwa na miezi mitatu tu ya kucheza, nikauliza kama ile hatua ya kumhamisha mfalme na ngome kwa pamoja inaruhusiwa ikiwa ngome ndiyo inayoshambuliwa. Jibu lake ni fupi: inaruhusiwa, kwani kinachokatazwa ni mfalme kuwa katika hatari, kupita kwenye nyumba inayoshambuliwa au kutua juu yake. Mimi sikupewa jibu hilo. Wa kwanza aliniambia kwamba hilo ni swali la watoto, wa pili akaniita binti wa Katwe kwa kejeli, na wengine wakaweka vicheko. Niliondoka usiku huo huo, na ninaamini hakuna aliyegundua.

Kejeli ile iliniuma zaidi nilipojua habari yenyewe. Katika mradi wa Robert Katende wa kufundisha watoto sataranji huko Katwe, mtaa wa mabanda jijini Kampala, aliyemwonyesha Phiona Mutesi hatua za kwanza alikuwa mtoto mdogo kuliko yeye, na mwaka 2010 Phiona aliiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya sataranji huko Khanty-Mansiysk, Urusi. Aliyejua kidogo alimfundisha asiyejua kabisa, wala hakuna aliyemwambia kwamba swali lake ni la kitoto.

Kundi nililomo sasa lina makelele mengi na picha zile zile anazozilalamikia ndugu wa Bombo, lakini sitoki. Nina mchezo na mwalimu mmoja wa Kabale, hatua moja kwa siku, na tukimaliza mmoja tunaanza mwingine. Huu ni mwaka wa pili. Nikikaa kimya siku mbili, ananiandikia kuuliza kama ninaumwa.

Mzee_wa_Jinja:
Dada wa Mbarara, pole sana kwa hayo. Naongeza jambo moja linaloeleza kwa nini hata watu wema hujibu vibaya. Katika kundi la WhatsApp anayeingia leo haoni kilichojadiliwa mwaka jana, kwa hiyo swali lile lile huulizwa mara ishirini, na wakongwe huchoka. BoardGameGeek, tovuti ya wapenzi wa michezo ya ubao iliyoanza mwaka 2000, imedumu kwa sababu kila mchezo una ukurasa wake, na swali la kanuni lililojibiwa miaka kumi iliyopita bado lipo mahali pake.

Wakati mwingine mwanachama hahami, ni nyumba inayofungwa. Kampuni ya michezo ya Wizards of the Coast ilifunga mabaraza yake ya mtandaoni mwaka 2015, na Google+, mtandao wa kijamii ambako wapenzi wengi wa michezo ya kuigiza wahusika walikuwa wamehamia, ilifungwa kwa umma Aprili 2019. Watu walitawanyika, na mazungumzo ya miaka mingi hayakuhama nao. Andikeni majibu yenu mazuri katika daftari, hata la karatasi.

Kete_za_Arua:
Nawashukuru wote. Jana usiku nilipitia majina ya watu saba waliojitoa tangu Pasaka. Watano kati yao waliwahi kuuliza swali moja tu katika muda wote waliokuwa nasi, na manne kati ya maswali hayo hayakujibiwa na mtu yeyote. La tano lilihusu emitwe ebiri, aina moja ya ushindi katika omweso, nami nililijibu mwenyewe kwa neno moja: "Ndiyo." Namba zao ninazo, na nimeanza kuwapigia mmoja mmoja. Ndugu wa Bombo, mnapoandika zile namba 16, mnaanzia shimo lipi?

Bao_la_Bombo:
Shimo la kushoto kabisa la safu ya ndani, kwa mtazamo wa mchezaji mwenyewe. Ukimaliza nane za ndani weka alama ya mkwaju (/), kisha andika nane za nje, ukianzia kushoto vilevile.