Nani aliwaambia mafundi kuwa themostati, ile vali ya maji ya kupozea injini, ni uchafu? Hita inapuliza baridi, niko Njombe, nimechoka!

Wakuu salaam, ila leo salaam ni fupi. Nimekuja na povu na sitaki kuambiwa "pole mkuu, ndio Bongo hiyo".

Gari ni Toyota Vitz, modeli ya SCP90, imetoka Japani ikiwa imetumika kama za wengi wetu. Dar sikuwahi kugusa hita, maana nani awashe hita Mbagala? Sasa nimehamishiwa Njombe kikazi. Anayeijua Njombe ya mwezi wa sita na wa saba hahitaji maelezo. Asubuhi ukungu umelala barabarani, na pumzi zenu humo ndani zinakifunga kioo cha mbele chote. Nazungusha swichi ya hita mpaka mwisho wa nyekundu, feni naiweka juu kabisa, inanipulizia baridi ileile ya nje. Mkono mmoja usukani, mwingine nafuta kioo na tambara, na mbele kuna lori la mbao halina taa ya nyuma hata moja. Kwa hiyo asije mtu hapa kusema hita ni anasa, vaa koti. Koti halifuti kioo.

Nikaenda kwa fundi. Kasikiliza feni, kaweka mkono kwenye tundu la hewa, katoa hukumu: "Bosi, gesi imeisha." Akajaza gesi ya AC na hela akachukua. Gesi, wakuu! Hita ya gari haina habari na gesi. Injini inapasha maji yake, maji yanapita kwenye mipira miwili kuingia kwenye kijirejeta kidogo kilichofichwa nyuma ya dashibodi, feni inapuliza juu yake, unapata joto. Basi. Gesi ni ya kupoza. Mtu anajaza gesi ya kupoza ili gari ipate joto, na anakutazama usoni!

Wa pili akataka kubadilisha mota ya feni. Feni inayovuma mpaka nywele zinasimama, mota yake ina kosa gani? Nikamwonyesha na ile taa ya bluu kwenye dashibodi (Vitz hizi hazina mshale wa joto, zina taa ya bluu injini ikiwa baridi na nyekundu ikichemsha). Nikamwambia hii bluu naendesha mpaka kazini bado inawaka. Akanijibu kwa furaha kabisa: "Hiyo ni nzuri bosi, inaonyesha injini yako haichemshi." Hapo ndipo nilipoondoka kimyakimya, maana ningebaki ningetukana.

Wa tatu alitaka kufumua dashibodi nzima. Nikasema hapana, nitaangalia mwenyewe kwanza.

Nimeiacha gari ikinguruma kama robo saa, nikafungua boneti na kushika ile mipira miwili inayoingia ukutani kuelekea ndani. Kama yote miwili inaunguza na bado ndani kuna baridi, tatizo ni kile kimlango cha kuchanganya hewa au kebo yake. Kama mmoja unaunguza na wa pili wa baridi, kijirejeta kimeziba, au vali yake imefunga kwa gari zenye vali. Yangu yote miwili ilikuwa vuguvugu, maji ya kumwogeshea mtoto. Hapo ni ama maji yamepungua na hewa imeingia, ama injini yenyewe haipati joto. Maji yalikuwa yamejaa. Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi, nikawasha na kushika mpira mkubwa wa rejeta. Huo unatakiwa ubaki baridi mpaka injini ipate moto, ndipo themostati ifungue. Wangu ulianza kupata joto pamoja na injini, taratibu, tangu mwanzo.

Nikafungua nyumba ya themostati. TUPU. Kuna gasketi na kutu, themostati hakuna.

Nikampigia fundi wangu wa Dar. Wala hakustuka. "Kaka, ile tuliitoa siku ile tulipobadilisha wota pampu, ili gari ipumue. Ile ni ya nchi za baridi."

Ipumue!

Hicho kidude kina nta ndani. Nta ikipata joto inatanuka na kusukuma vali. Nyingi za Toyota zimeandikwa 82, yaani zinaanza kufungua kwenye nyuzi 82. Chini ya hapo maji yanazunguka kwenye injini na hita tu, rejeta inasubiri. Ukiitoa, maji yanakimbilia rejeta muda wote, na kwa baridi ya huku injini haifiki joto lake kamwe. Kompyuta nayo inadhani gari ndiyo kwanza imewashwa, inazidi kumwaga mafuta. Nilikuwa nalalamikia vituo vya mafuta bure. Na kuna injini ambazo ukiitoa njia ya mkato ya maji inabaki wazi, zinachemsha zaidi. Naelewa themostati mbovu ikiganda imefunga inaua gasketi ya silinda hedi. Sawa, badilisha! Tairi likitoboka unatembelea rimu?

Nimenunua mpya, nikaichemsha kwanza kwenye sufuria jikoni nikaiona inafunguka taratibu, ndipo nikaifunga. Taa ya bluu sasa inazimika mapema tu. Bei yake haifiki hata nusu ya ile gesi.

Lakini kisa hakijaisha, kwa sababu bingwa huyohuyo wa Dar alikuwa anajaza maji ya bomba kwenye rejeta. Nilipomwaga, yametoka mekundu yenye chenga. Kulanti, ile dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta, anasema nayo ni ya nchi za barafu, wakati inazuia kutu na inapandisha kiwango cha kuchemka, jambo linalohitajika zaidi huku mlimani ambako maji ya wazi yanachemka kabla ya nyuzi 95. Matokeo yake, mpira wa kuingia kwenye hita sasa unaunguza, wa kutokea uko vuguvugu. Hewa nimeshatoa. Kijirejeta kimejaa uchafu wake.

Kwa hiyo naomba mwenye kumjua fundi Njombe au Makambako anayeweza kukisafisha kwa kufungua ile mipira miwili tu na kusukuma maji kinyumenyume kwa presha ndogo, bila kugusa dashibodi. Akianza kwa kuuliza habari za gesi, msimlete.