Mrejesho: mkoba wangu wa kushonea wa kubeba

Wadau, habari zenu. Niliwauliza nibebe vipi vifaa vya kushona safarini bila nyuzi kuviringana, maana mkoba wangu ulikuwa kama kiota cha kunguru. Mwezi umepita, naleta majibu.

Kati ya mliyopendekeza, kasha la miwani limeshinda. Mkasi mdogo, chaki, subana (kofia ya kukinga kidole) na futi ya kupimia vinaenea vyote, na kwa kuwa ni gumu, ncha ya mkasi haitoboi tena begi. Ndani ya kifuniko nimegundisha kipande cha sumaku kinachoshika sindano na pini. Hata moja ikianguka sakafuni, nalipitisha kasha juu yake tu, inarukia.

Ila ahueni kubwa imekuja kwenye bobini, vile vigurudumu vidogo vya uzi wa chini wa cherehani. Aliyeshauri nizifunge pamoja na roli zake za uzi wa juu wa rangi ileile, Mungu ambariki! Napitisha utepe mwembamba kwenye tundu la roli na la bobini, nafunga fundo jepesi. Nilikuwa na bluu tatu zinazofanana mno, kila mara nabahatisha, mpaka nikashona pindo zima kwa uzi wa juu wa rangi moja na wa chini wa nyingine. Nikafumua lote.

Vikopo vya dawa mlivyopendekeza kwa ajili ya vifungo, samahani, hapana. Vinalia kama kayamba kila nikipiga hatua. Nimehamia vifuko vya plastiki vya zipu. Vinalala bapa na vilivyomo vinaonekana.

Zimebaki sindano za kroshe, ndefu kuliko kasha. Kwa sasa nazikunja ndani ya kitambaa nilichokishonea vijimfuko vyembamba.