Spika mpya: saa 100 za "kuzilainisha" zina ukweli wowote?

besi_nzito: Wakuu, naomba ufafanuzi. Spika ni za rafu, wufa (spika ya besi) ya inchi 6.5, boksi la lita 10 lisilo na tundu. Muuzaji anasema zisihukumiwe kabla ya kupiga saa 100, na eti amplifaya na waya navyo vinahitaji muda huo huo. Mwisho wa kurudisha mzigo ni siku 14.

koili4: Mkuu, kwa wufa kuna ukweli, ila ni mdogo. Kile kitambaa cha mikunjo nyuma ya koni, spaida, hutiwa gundi ili kishike umbo. Koni ikianza kucheza kwa nguvu, gundi hiyo inalegea na mpira wa ukingoni unalainika. Sehemu kubwa ya badiliko hutokea mapema, dakika hadi saa chache.

Chukua mfano: Fs (masafa ambayo wufa hutikisika yenyewe ikiwa nje ya boksi) 50 Hz, Vas (ujazo wa hewa wenye ulaini sawa na wa wufa) lita 20, Qts (jinsi mtikisiko huo unavyodhibitiwa; namba ndogo ni udhibiti zaidi) 0.40. Ikilainika, Fs 45, Vas karibu 25, Qts 0.36. Ukiishia hapo utadhani ni wufa nyingine. Sasa ifunge kwenye boksi lako: Fc (ile Fs ikiwa ndani ya boksi) inatoka 87 Hz kwenda 84, Qtc (ile Qts ndani ya boksi) 0.69 kwenda 0.67. Hewa ya ndani ndiyo springi kubwa humo, na hewa hailegei. Kusogeza spika sentimita 30 kutoka ukutani kunabadilisha besi zaidi ya hapo.

volti_moja: Waya wa shaba hauna kinachocheza, hapo umedanganywa. Kapasita (vihifadhi umeme) za amplifaya iliyokaa stoo hujirudi dakika chache baada ya kuwashwa. Transista zinahitaji dakika 20 hadi 30 kupata joto, lakini hiyo ni kila unapowasha, hata ikiwa na miaka kumi. Amplifaya ya valvu (taa za kioo badala ya transista) tu ndiyo ipimwe bayasi (mkondo wa valvu pasipo muziki) tena baada ya saa chache za mwanzo, ikiwa imepata moto.

besi_nzito: Na kuzilainisha bila kusumbua majirani?

koili4: Zielekezane, nafasi ya sentimita 5. Kwenye spika moja geuza chanya na hasi, ili koni moja ikisukuma nyingine ivute; besi inajifuta hewani. Peleka mono (muziki uleule kwa zote mbili), funika blanketi, piga muziki wenye besi kwa sauti ya kawaida kwa muda wa saa tatu au nne. Usiongeze sauti kiasi cha amplifaya kuzidiwa na kuanza kukata mawimbi, twita (spika ndogo ya sauti za juu) itaungua koili. Ukimaliza rudisha waya, la sivyo besi itapungua sana.

volti_moja: Bora zaidi, acha moja kwenye katoni na upige nyingine tu siku mbili. Kisha zipange pamoja, mono, volti sawa kwenye tereminali, mtu mwingine akubadilishie bila kukuambia ni ipi. Usipozitofautisha, unachosikia sasa ndicho utakachosikia baadaye. Kama hukipendi, rudisha kabla ya siku 14. Koili inayokwaruza ukipiga toni ya 40 Hz kwa sauti ndogo ni ubovu, rudisha leo.