Baba aliumia kichwa, sasa hataki kutembea. Mliouguza wazee mlifanyaje?

MamaShani_Ujiji: Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Baba yangu ana miaka 71, alikuwa fundi wa mitumbwi hapa Ujiji. Mwezi wa tano aligongwa na bodaboda akivuka barabara kwenda sokoni. Damu ilivilia kidogo kwenye ubongo, madaktari wakasema haina haja ya kupasua. Kalazwa siku 19, karudi nyumbani. Miguu ina nguvu, walimpima. Lakini akishakunywa chai anakaa chini ya mwembe mpaka adhuhuri. Ukimwambia "Baba, nyoosha miguu kidogo", anajibu "Haya, naenda", wala hainuki. Nilimtilia mfukoni simu inayohesabu hatua, siku nne haikuvuka 600 kwa siku. Kaka yangu wa Mwanga kila akija anasema mzee kadeka. Mama anaishia kulia. Nifanyeje?

Kamanda_Gungu: Mtoeni alfajiri, apige kilomita tano kila siku. Jasho linatibu kila kitu. Babu yangu alitembea hivyo mpaka anazikwa.

TibaViungo: Kamanda, mzee aliyetoka kuumia kichwa umtembeze kilomita tano gizani? Mtamrudisha wodini.

Dada, pole kwa kuuguza. Nafanya kazi ya fiziotherapia, wazee wa namna hii nawaona sana. Hilo neno kudeka liondoeni humo ndani. Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayomwinua mtu aanze jambo. Ikijeruhiwa, anasikia, anakubali, na kweli anataka, ila mwanzo hauji. Kwa hiyo anayeanzisha awe mwingine. Usimwambie akatembee. Mletee viatu, simama naye, mshike mkono, ondokeni. Saa ileile kila siku, baada ya chai, mpaka mwili uzoee.

Anzeni na dakika tano, asubuhi na jioni. Kesho yake akiamka hajachoka sana, ongezeni dakika moja au mbili. Shirika la Afya Duniani linataka watu wazima, wazee wakiwemo, wafikishe angalau dakika 150 kwa wiki, lakini huko ni kufika, si kuanzia. Aweze kuongea huku anatembea. Akishindwa kumaliza sentensi, punguzeni mwendo. Kandambili hapana, avae kiatu chenye mkanda wa nyuma. Na kabla ya kuinuka akae wima kwanza, kizunguzungu kipite.

Halafu nijibu: anatumia dawa za kuzuia damu kuganda? Kwa wazee damu inaweza kuvilia polepole, ikajionyesha wiki kadhaa baada ya ajali. Kichwa kikizidi kumuuma, akawa na usingizi usio wake, akachanganyikiwa, akatapika, au mguu mmoja ukalegea, hayo si ya mazoezi. Hospitali siku hiyohiyo.

Mzee_wa_Bangwe: Mwanangu, mimi nilianguka kutoka juu ya paa miaka sita iliyopita, kwa hiyo naongea kama mgonjwa. Wenzangu walidhani naogopa kuanguka tena. Sikuwa naogopa kuanguka. Nilikuwa naogopa salamu! Unatoka nje, hatua kumi, "pole mzee, unaendeleaje, wa nyumbani hawajambo?" Unamtazama mtu uliyekaa naye baraza moja miaka thelathini, na jina lake limetoka. Ukifika sokoni, kelele zile zinaingia kichwani kama misumari. Nikaona bora nikae kwangu. Muulize baba yako taratibu, mkiwa wawili tu. Asiulizwe mbele ya wajukuu.

MamaShani_Ujiji: Samahani nimekawia, ni wiki tatu. Dawa hizo hatumii, TibaViungo, na dalili ulizotaja hana.

Mzee wa Bangwe, Mungu akuweke. Nilimuuliza usiku, tumebaki wawili kibarazani. Kanyamaza muda mrefu, kisha akasema: "Juzi nilimwita Idi kwa jina la marehemu kaka yake." Kumbe hilo tu! Sasa tunapita njia ya nyuma, si ya sokoni, na mimi natangulia kusalimia kwa jina: "Mzee Idi, shikamoo!" Baba anadakia hapohapo. Hajui kama nafanya makusudi.

Ila kilichomwinua hasa si mimi. Kuna vijana wanaunda mtumbwi ufukweni, nikamwambia wameomba akawaangalie kazi. (Hawakuomba. Niliwafuata mimi, wakacheka, wakakubali.) Siku ya kwanza tulipumzika njiani mara tatu. Siku moja nilimpeleka saa sita, jua kali, kesho yake kalala kutwa, kosa langu. Jumanne simu ilisoma 2,140. Amerudi kanzu imejaa vumbi la mbao, anafoka kwamba kalafati (kuziba nyufa za mbao) ya watoto wale itavuja kabla ya kufika kina cha magoti. Kaka kapiga simu, kamsikia akifoka, akauliza ni nani huyo.

Swali moja: kule ufukweni mchanga unamyumbisha, nataka kumnunulia fimbo. Mguu wa kushoto ndio mzito kidogo, tangu kabla ya ajali. Aishike mkono gani?

TibaViungo: Wa kulia. Fimbo na mguu wa kushoto viende pamoja. Simama pembeni yake upande wa kushoto, nyuma kidogo. Urefu wake: akisimama wima mikono ikining'inia, kichwa cha fimbo kifike kwenye kifundo cha mkono. Chini funga mpira.

MamaShani_Ujiji: Anasema fimbo ya kununua hataki, atachonga mwenyewe.