Huyu fundi fremu wetu AMENIKATIA K YA MAMA

Wakuu, nipo kwenye daladala natetemeka, nikikosea herufi mnisamehe, maana leo herufi zinanifuata. Jina simtaji, mnamjua. Yule wa kona, miwani iko juu ya paji la uso saa zote, penseli sikioni, kila kazi "njoo kesho asubuhi". Huyo huyo.

Mama yangu alidarizi kitambaa akiwa msichana, enzi za sayansi kimu. Bafta nyeupe, maua pembeni, katikati mshono wa mnyororo kwa uzi mwekundu: KARIBU WAGENI. Kitambaa kimelala juu ya redio, kimelala juu ya friji, kimefunika maandazi ya misiba yote ya ukoo, na hakijawahi kuguswa na mkasi. Nikasema sasa nakipa heshima yake, kikae ukutani.

Fremu nilitoa Karume, mtumba, mbao nzito hasa, ndani bado yumo bibi harusi wa Kizungu, simjui hanijui. Nikaihangaikia mwenyewe. Rangi ya dhahabu ilikuwa inabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Nikapiga msasa 120, nikamalizia na 220, matundu ya vidudu nikaziba kwa unga wa mbao na gundi nyeupe, nikapaka vanishi mpaka mume wangu akahamia kibarazani. Ikatoka fremu ya ikulu. Ilibaki kazi ya mtoto: kata kioo, weka ubao nyuma, funga.

Leo naenda kuchukua. Anafunua gazeti kwa madaha, utadhani anazindua daraja. Nasoma.

ARIBU WAGENI.

Nikamuuliza, K iko wapi? Akashusha miwani, akaangalia kitambaa, akaniangalia mimi, akasema: "Dada, si herufi moja tu? Watu wataelewa."

HERUFI MOJA TU! Upande wa kulia kaacha weupe mtupu, unaweza kuchezesha ndondo pale. Upande wa kushoto kitambaa kimezidi kidogo, basi kapitisha kisu. Angesogeza vidole viwili tu! Halafu kabandika kwa supa gluu, doa limepenya mpaka kwenye G, limekauka, ukiligusa linakwaruza. Na kioo kakilaza moja kwa moja juu ya nyuzi, maua ya mama yamelala chali.

Lakini hayo yote ningemeza. Nimeuliza tena: hiyo K umeitupa? Hakuitupa, wakuu. KAFUTIA KIOO. K ya mama yangu nimeikuta mezani imelowa spiriti. Nimeifunga kwenye leso, iko kwenye pochi. Herufi ya kwanza kabisa, mlango wa neno, mtu anafutia kioo!

Mama anaingia Jumamosi kutoka Korogwe. Atakaa sebuleni, atainua macho, atasoma ARIBU WAGENI. Na hela kachukua yote, chenji kasema kesho asubuhi.

Kinyozi_Mstaafu: Mbona sasa ndiyo ujumbe umenyooka? Mimi wageni wangu wanakuja na begi la mwezi mzima. Naomba namba ya huyo fundi.

Sindano_Butu: Pole dada. Huyo huyo aliniwekea picha ya marehemu mzee, ndoano kaipigilia chini. Namtundika baba, baba kichwa chini miguu juu. Namrudishia, ananiambia nipindue msumari.

Mleta uzi: @Kinyozi cheka tu. Siku akukatie herufi ya kwanza ya jina lako tuone.

Kinyozi_Mstaafu: Inyozi_Mstaafu. Naishi vizuri tu.

MzeeWaVanishi: Darizi haiwekwi gundi, hata siku moja. Unakata kadi ngumu, unakunjia kitambaa nyuma, unakivuta kwa uzi kushoto kulia, juu chini, kama unafunga kamba za kiatu. Kikikaa upande unafumua unaanza upya. Hadibodi tupu nayo ina asidi, itageuza kitambaa njano. Na kioo kiinue kwa vijiti vyembamba pembeni kisiguse nyuzi, unyevu wa Dar ukinaswa hapo unaotesha ukungu.

Ngosha_wa_Mjini: Mzee, watu tuko msibani wewe unafungua VETA.

Ngosha_wa_Mjini: Halafu asidi iko kwenye mbao? Mimi najua ya betri.

MzeeWaVanishi: Gazeti la zamani likikaa linakuwa njano. Unafikiri lina homa?

Mama_Vitambaa: Mleta uzi, nina uzi wa kudarizi wa DMC, mwekundu namba 321, hapa, naweza kukuungia kipande na kudarizi K nyingine kabla ya Jumamosi. Ila nakuambia ukweli, uzi mpya kwenye kitambaa kilichofuliwa miaka yote hiyo utang'aa peke yake. Mama atauliza hii K imetoka saluni gani.

Mleta uzi: Mama yangu hatauliza. Atanyamaza. Hamumjui mama yangu akinyamaza. Na yule anasema HERUFI MOJA TU.

BintiPwani: Nyie mwalilia herufi! Mimi hapa Unguja nimemshonea mume wangu kofia ya viua, kila kitobo nimekizungushia uzi kwa mkono, macho yamenitoka. Dobi kaitia wanga kaipiga pasi bapa. Imekuwa bahasha. Mume akiivaa wataka umbandike stempu.

Sindano_Butu: 😂😂😂 stempu

BintiPwani: Na nimlipe juu yake! Ati wanga umepanda bei.

Inspekta_wa_Kanga: Dobi ana nafuu. Dobi akiharibu anakimbia. Fundi nguo akiharibu anakwambia umenenepa.

Kinyozi_Mstaafu: Hapo umegusa taifa.

Inspekta_wa_Kanga: Nilimpa kitambaa cha suti ya Idd. Idd imepita, nimemkuta shemeji yake kavaa kizibao cha rangi ile ile. Nauliza, ananiambia ni masalia. Masalia yana mifuko mitatu?

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye K.

Ngosha_wa_Mjini: K gani?

Mama_Vitambaa: Inspekta, huyo wako si yule wa Buza, mwenye redio kubwa na cherehani ya kijani?

Inspekta_wa_Kanga: Usinitie majaribuni, jina sitaji. Ila redio ni kubwa.

Mama_Vitambaa: Ana sare za kwaya yetu tangu Pasaka! Tumeimba harusi mbili na vitenge vya kuazima, sauti ya pili walivaa nguo za kazini.

BintiPwani: Hiyo kwaya mwaimba hadi wapi? Dada yangu anaolewa Bagamoyo.

Mama_Vitambaa: Tunafika popote, nauli juu yenu. Ila sare mtuchangie.