Tupeane uzoefu: Kifaransa cha Kibirizi na safari ya kukitafutia cheti

Karani wa Kibirizi

Wakuu, habari za jioni. Niko Kigoma mjini, kazi yangu ni kuandika mizigo inayopanda boti za Kongo na Burundi pale Kibirizi. Tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, vijana hawaishi kuniuliza Kifaransa nilijifunzia wapi na cheti kinapatikanaje. Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Waliopita njia hii waje waseme yaliyowakuta, tusidanganyane.

Naanza mimi. Watu wa Dar wanadhani sisi Kifaransa tunakiokota barabarani. Wapi! Mkongomani wa Kalemie akishuka kwenye boti anamwaga Kiswahili kukushinda. Mrundi anakuja na Kirundi, wewe unamjibu kwa Kiha, mmemalizana. Kifaransa kinatoka mfukoni panapotajwa namba, tarehe na karatasi tu, basi.

Sasa aibu yangu. Siku moja nilitaka kujionyesha. Kulikuwa na katoni tatu za glasi na magunia ya chumvi ya Uvinza, vyote vya mteja mmoja. Nikamwambia kijana wa boti, kwa sauti ili watu wasikie, glasi ziwekwe "dessus", yaani juu. Mdomo wangu ukatoa "dessous", yaani chini. Na chini zikaenda, chumvi ikazilalia. Mteja alipofungua mzigo Kalemie alinipigia simu kwa Kiswahili kilichonyooka kabisa. Mshahara wa mwezi ule sitaki hata kuukumbuka.

Shida ni hiyo "u" yao. "U" yetu ya "ugali" wao wanaiandika "ou". Ile "u" yao tupu kwetu haipo. Sema "i" ya "ziwa", ulimi uache palepale, halafu chongoa midomo kama unapiga mluzi. Nilifanya hivyo wiki mbili mbele ya kioo cha kinyozi, watu wakaanza kunisema.

Mama Dagaa

Mwanangu pole na glasi. Mimi cheti sitafuti, natafuta hela.

Mnunuzi wangu wa ng'ambo tunapatana bei kwa Kiswahili, lakini akianza kupiga hesabu na mwenzake anahamia Kifaransa. Hanifichi, ndivyo walivyofundishwa hesabu shuleni. Ila mimi nikaona hapa naliwa mchana kweupe. Nikamwambia binti yangu aniandikie namba, moja hadi mia, kwenye boksi la sabuni, nikalitundika bandani juu ya mzani. Miezi miwili zikakaa kichwani. Siku moja kwangu ameng'ang'ania bei ya sitini, kisha akamnong'oneza mwenzake kwamba mwisho wake ni "septante". Nikamwambia, haya baba, lete hiyo sabini. Alicheka mpaka akakaa juu ya gunia. Sabini alitoa.

Mtoto wa Gungu

Mama shikamoo. Hizo namba zako ndizo zilizoniponza mimi.

"Septante" na "nonante" ni za Wabelgiji, ndiyo maana Kongo na Burundi wanazo. Ufaransa kwenyewe sabini ni "soixante-dix", sitini na kumi. Sabini na tano ni sitini na kumi na tano. Tisini na mbili ni "quatre-vingt-douze", yaani ishirini nne na kumi na mbili, sijui waliwakosea nini watoto wao. Mara ya kwanza nilipojipima kwa sampuli ya mtihani, sauti ikasema tiketi ni euro "soixante-quinze". Mimi nikaandika nauli ni 60 na gari linaondoka saa 15. Nikaona nimepatia kweli, tena nikaigeuza ile saa kuwa saa tisa alasiri yetu.

Mimi nina DELF B1, lakini niliipata mara ya pili. Naeleza kwa kirefu maana hapa ndipo wengi wa Kigoma watakapogonga mwamba.

DELF ni cheti cha Kifaransa kinachotolewa na Wizara ya Elimu ya Ufaransa. Ngazi zake ni A1, A2, B1 na B2, juu ya hapo ni DALF, C1 na C2. Kuna kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, kila kimoja alama 25. Ukifika 50 kati ya 100 umepita, ILA ukipata chini ya 5 katika kimoja umeanguka hata jumla ikitosha. Mimi kuzungumza nilipata 21, kusikiliza 14, kusoma 13. Kuandika, 4. Jumla 52, na nimefeli. Kurudia sehemu moja hakuna, unafanya mtihani wote upya.

Nilikuwa nimepanda treni siku mbili hadi Dar, mtihani nikafanyia Alliance Française, Upanga. Nikarudi kwa treni ileile na 52 yangu.

Tatizo ni kwamba Kifaransa changu kilikuwa cha masikio. "Il parle", anasema. "Ils parlent", wanasema. Ukizisikia ni kitu kimoja, hizo herufi za mwisho hazitamkwi. Kwenye karatasi zinadaiwa. B1 wanataka maneno 160 kwa dakika 45, mimi nilitoa kama 70, nusu yake nimeandika ninavyosikia.

Niliporudi nikamfuata mzee mmoja Mkongomani, mwalimu mstaafu, anakaa Ujiji. Malipo yake sukari kilo moja kwa wiki, na nikivuka kizingiti chake Kiswahili marufuku, hata kuomba maji. Kila jioni "dictée": anasoma polepole, naandika, anachukua kalamu nyekundu. Siku ya kwanza ukurasa wangu ulikuwa kama umechinjiwa kuku. Alfajiri nasikiliza habari za RFI, redio ya Ufaransa, za Kifaransa chepesi, dakika 10, maandishi yake yapo kwenye tovuti yao, nafuata kwa kidole. Jumapili mazoezi ya TV5MONDE, televisheni ya Kifaransa, kwenye tovuti yao, hayalipiwi, bando tu. Miezi saba. Mara ya pili kuandika nikapata 13.

Mha Asiyechoka

Mimi nililipa ada kwenye kituo kimoja, sikitaji, miezi sita. Mwisho nikakabidhiwa cheti chenye muhuri mkubwa wa rangi ya dhahabu, tukapiga na picha. Nikakipeleka kwenye usaili wa ukalimani kwa wakimbizi. Mama mmoja akakigeuza nyuma na mbele, akasema, "Kaka, hiki kinaonyesha ulihudhuria." Walitaka DELF B2. Kilichonipa kazi siku ile ni Kiha changu, maana walikosa mtu wa kusikilizana na Warundi.

Kabla hujatoa hela muulize mwenye kituo: mwisho wa haya masomo nafanya mtihani wa nani? Akianza kuzunguka, aga.

Ticha wa Mwanga

Naongeza machache. DELF haina mwisho wa matumizi, ukiipata ni yako mpaka kaburini. TCF na TEF, vipimo vingine vya Kifaransa, zinadumu miaka 2 tu, na hazina kupita wala kufeli, zinakupima uko ngazi gani. Mwenye ndoto za kuhamia Kanada asihangaike na DELF, uhamiaji wa serikali kuu kule wanataka TEF Canada au TCF Canada. Halafu si lazima upande ngazi zote, ukijiamini unajiandikisha B1 moja kwa moja.

Na acheni kulia na "le" na "la", vile vineno vinavyotangulia jina kuonyesha ni la kiume au la kike. Mtu anayesema "kiti hiki kimevunjika, viti hivi vimevunjika" bila kufikiri, jinsia mbili zinamshinda nini? Jifunze neno pamoja na "le" au "la" yake, usilibebe peke yake.

Binti wa Kasulu

Shikamooni. Nimemaliza kidato cha nne, Kifaransa nilipata C. Simu yangu ni kitochi, hizo tovuti sina. Naanzia wapi?

Mtoto wa Gungu

Marahaba mdogo wangu. Kitochi chako kina redio? Mko karibu na mpaka, tafuta redio ya taifa ya Burundi, wana taarifa ya habari kwa Kifaransa. Usihangaike kuelewa yote, andika unachoshika, hata kama ni majina ya miji. Na pale Nyarugusu, kambi ya wakimbizi, kuna walimu Wakongomani. Ulizia mmoja anayependa sukari.

Mama Dagaa

Mwanangu, boksi langu la sabuni bado lipo, mimi silihitaji tena. Kesho nalituma na gari la Kasulu, nipe jina la kituo utakaposubiri. "Septante" nimemwambia binti aikate, pembeni aandike ile ndefu ya huyu wa Gungu. Nafasi imebana, lakini inasomeka.