Mrejesho: Vifaranga wangu wa bata bukini wamesimama

Wakuu, niliuliza kuhusu vifaranga wanne wa bata bukini waliokuwa wakipiga hatua mbili wanakaa, nikiwalisha chakula cha vifaranga wa kuku tu. Aliyetaja upungufu wa niasini (vitamini B3), Mungu akubariki. Nilichanganya chachu ya bia kwenye chakula, nikaondoa magazeti yaliyowatelezesha, nikatandika taulo kuukuu. Siku ya nne watatu walikuwa wanakimbia. Yule mdogo bado anachechemea.

Maji nilikuwa naweka kwenye kisahani, kumbe wanataka kina cha kuzamisha matundu ya pua! Sasa wana bakuli, na sakafu imeloa kutwa. Jua likiwaka nawatoa wakadonoe majani mabichi yasiyopuliziwa dawa. Wananifuata hadi chooni.